Picha ya Kidato cha Tatu

Jumanne, 3 Februari

Vipindi vitano leo. Mvua tangu saa nne asubuhi. Ikinyesha hivi, bati la Kidato cha Pili B halimwachii mwalimu nafasi ya kuongea. Sikuongea. Nilibandika picha ubaoni, nikaandika maswali yangu matatu: Unaona nini? Umejuaje? Nini hakionekani? Nikakaa. Wakaandika.

Wiki ya tatu sasa ya kufundisha kwa picha. Picha ya leo nilipewa na mwalimu wa Kemia, kwao Chunya. Ni bani, jengo la kukaushia tumbaku, tofali za kuchoma, halina dirisha hata moja. Niliichapisha steshenari. Wino wao hafifu, anga imetoka ya kijani. Hakuna aliyejua ni nini. Wengi waliandika gereza. Wawili waliandika kanisa. Baraka, ambaye hawezi kukaa dakika tano bila kusema kitu, aliandika: ni nyumba ya mtu asiyependa majirani. Nilimpa alama. Alieleza amejuaje.

Miguu imelowa. Viatu vya shule hii vinakufa mwezi wa pili.

Alhamisi, 5 Februari

Niandike sababu ya picha, nisije nikajidanganya baadaye kwamba ilikuwa ubunifu.

Mtihani wa kufunga mwaka, swali la ukoloni. Nusu ya darasa walijibu kwa aya moja ileile. Hata kosa la tahajia lilikuwa moja. Niliitafuta aya hiyo nikaikuta: iko kwenye notisi zangu. Kosa pia ni langu. Miaka kumi na saba nafundisha Historia, na nilichofundisha ni kunakili.

Basi. Ndiyo sababu.

Jumatatu, 9 Februari

Picha kutoka kalenda ya zamani: ng'ombe wengi kwenye mto uliokaribia kukauka, mwanamke mmoja na watoto wawili pembeni. Baraka na wenzake: wafugaji wananywesha mifugo. Wakaridhika.

Kulwa akanyoosha mkono. Sijawahi kuuona mkono wa Kulwa. Kwao ni Usangu, wazazi walihamia huko na ng'ombe wao kutoka Usukumani kabla yeye hajazaliwa. Hapa Mbeya anakaa Ilomba kwa shangazi yake. Akifungua mdomo wanamcheka lafudhi, kwa hiyo haufungui.

Alisema, "Hawanyweshi. Wanahama. Mama yule kabeba sufuria. Mtu akienda kunywesha habebi sufuria."

Darasa zima likainamia picha. Sufuria ilikuwepo. Hata mimi sikuwa nimeiona, na kalenda hiyo ilitundikwa jikoni kwangu mwaka mzima.

Hakuna aliyecheka. Nilifurahi. Mara chache mimi hufurahi kazini, kwa hiyo naandika.

Ijumaa, 13 Februari

Mkuu wa shule alisimama dirishani robo saa nzima kipindi cha tatu. Baadaye akaniita.

"Mwalimu Anjela, mtihani wa taifa hauna picha."

 Anasema kweli. Anataka mada mbili ziwe zimekwisha kabla ya Pasaka. Si mtu mbaya. Anaogopa matokeo kama mimi ninavyoogopa panya.

Nimepewa mpaka Pasaka.

Jumapili, 15 Februari

Picha zinakwisha. Za kwenye simu zinafanana: harusi, harusi, keki. Nimempigia mdogo wangu Idodi, anitumie albamu iliyobaki kwenye sanduku la marehemu mama. Ataiweka kwenye basi Iringa mjini akienda kliniki. Akaniuliza nazitakia nini picha za zamani. Nikasema kazi. Akasema, "Wewe dada hujawahi kuzitaka."

Ni kweli.

Jumatano, 18 Februari

Kifurushi kimefika stendi. Albamu inanuka moshi. Panya wamekula kona.

Baba na baiskeli. Shamba letu la mahindi Idodi asubuhi baada ya tembo kupita, limelala lote kama lililopigwa pasi. Ubatizo wa mdogo wangu. Na picha ya Kidato cha Tatu, shule ya wasichana ya bweni, Iringa. Safu tatu, sketi za buluu, masweta. Mimi safu ya nyuma, nina beji ya kiranja. Sicheki. Rehema, rafiki yangu wa wakati ule, yuko mbele, wa tatu kutoka kushoto. Anacheka mpaka meno ya nyuma.

Niliiweka kando. Nikanywa chai. Nikaichukua tena.

Mada ya wiki hii ni elimu baada ya uhuru. Picha inafaa. Imepita miaka ishirini na mitano. Nimeiweka kwenye mkoba.

Ijumaa, 20 Februari

Niandike kama ilivyotokea.

Kipindi cha pili. Niliwapitishia picha yenyewe, dawati kwa dawati, kwa sababu steshenari hawakuwa na umeme. Walikuwa wanaanza vizuri. Mmoja kaona viatu havifanani. Mwingine kaona kwamba wote wamevaa masweta ilhali jua ni kali, kwa hiyo waliambiwa wavae kwa ajili ya picha. Kazi nzuri hiyo.

Picha ikafika dirishani kwa Zuhura. Mtoto mpole, ushungi mweupe, amefunga kama wenzake Waislamu. Anafanya vizuri bila kelele. Akaitazama muda mrefu kuliko wengine. Akasema, taratibu tu, "Madam, huyu ni mama yangu."

Wakacheka. Wakadhani utani.

"Yupi?" nikauliza. Nilishajua yupi. Nilipomtazama usoni nikashangaa niliwezaje kutoona mwaka mzima. Ni kidevu kilekile.

"Wa tatu kutoka kushoto. Lakini mama hakusoma sekondari."

Baraka akasema, "Geuza nyuma, madam. Ulisema picha ina nyuma."

Nilisema hivyo mimi mwenyewe, wiki ya kwanza. Zuhura akaigeuza. Nyuma kuna majina yote, kwa mwandiko wangu wa usichana, na mwezi na mwaka. Nilikuwa na tabia: mwanafunzi akiondoka shuleni, namkata kwa kalamu nyekundu. Waliohama wawili. Mmoja aliyefariki kwa homa. Na Rehema.

Zuhura akasoma jina la mama yake. Akauliza kwa nini limekatwa.

Nikasema, "Aliacha shule."

Kulwa, ambaye sasa hanyamazi, akauliza kutoka nyuma, "Madam, aliacha, au aliachishwa?"

Lilikuwa swali bora kuliko yote yaliyowahi kuulizwa katika darasa langu. Nikajibu, "Sikumbuki. Ni zamani."

Kengele ikalia.

Nakumbuka kila kitu.

Jumapili, 22 Februari

Misa ya kwanza. Sikukomunika. Kufua. Kusahihisha Kidato cha Tatu A, madaftari arobaini. Chakula: viazi na maharage.

Sijisikii vibaya kama nilivyotegemea. Najisikia kama mtu anayesubiri gari lililochelewa. Hofu tu. Huruma haijaja.

Jumanne, 24 Februari

Zuhura hakuja jana. Hakuja leo. Niliita jina lake kwenye mahudhurio nikasubiri kidogo, kana kwamba angeitika akiwa kwao.

Nimefundisha kwa kitabu. Wakanakili. Baraka akauliza picha iko wapi. Nikasema leo hakuna.

Alhamisi, 26 Februari

Amerudi. Alinisubiri nje ya ofisi ya walimu, mgongo ukutani, daftari kifuani.

"Madam, mwandiko wa nyuma ya picha ni wako?"

"Ni wangu."

"Kwa hiyo wewe ndiye uliyemkata."

"Ndiyo."

Akaitikia kwa kichwa kama anayejaza jibu. Kisha akasema, "Picha ni ya Machi. Kaka yangu Hamisi kazaliwa Septemba, mwaka huohuo."

Hakuuliza kitu. Aliweka tu tarehe mbili sambamba, kama nilivyowafundisha, akaniachia nizitazame. Hamisi ni mtoto wa kwanza wa Rehema, yuko Chunya, anachimba dhahabu. Zuhura ameambiwa siku zote kwamba mama yake alimaliza darasa la saba, akaolewa, akampata Hamisi, mume akafa, akaja Mbeya akaolewa na baba yake Zuhura. Hakuna sekondari katika hadithi hiyo. Amenieleza yote kwa sauti moja, haraka, kisha akaenda darasani.

Darasani niliandika tarehe ya leo vibaya mara mbili. Nimeona ni vizuri niandike hilo.

Ijumaa, 27 Februari

Basi niandike na la kwangu. Halisomwi na mtu.

Aprili ya mwaka ule. Matroni aliniita chumbani kwake kwa sababu nilikuwa kiranja wa bweni. Alisikia kuna msichana mjamzito. Akaniuliza ni nani. Hakunitisha. Hakunipiga. Alinimiminia chai. Rehema alikuwa ameniambia mimi peke yangu, wiki moja kabla, nyuma ya jiko, analia na kucheka kwa pamoja kama kawaida yake. Alisema hajui lini amwambie mama yake. Aliniomba nimsaidie kufikiri.

Nikataja jina. Ilichukua muda wa kumeza chai.

Kesho yake sanduku lake likatolewa nje. Wakati ule haikuwa na mjadala: mimba, nje, na hakuna kurudi. Niliijua sheria. Baada ya wiki tatu nikateuliwa dada mkuu.

Nimejiambia miaka yote kwamba wangemgundua tu. Pengine. Lakini hawakumgundua. Waliambiwa.

Jumatatu, 2 Machi

Mkuu kaniita. Mzazi wa Zuhura kapiga simu. Hakulalamika, alisema tu anakuja Alhamisi kuonana na mwalimu wa Historia. Lakini Mkuu keshasikia uvumi kwa wanafunzi na ametengeneza hadithi yake: Madam Anjela anaonyesha picha za familia za watu darasani. Ameagiza picha zote zishushwe ukutani, mpaka hapo atakaposema vingine.

Nilizishusha mwenyewe saa ya mapumziko. Bani. Ng'ombe. Mahindi na tembo. Kulwa alinisaidia kutoa gundi kwa ukucha. Hakuuliza kitu. Ukuta una alama za mistatili safi sasa, kwingine kote uchafu.

Jumatano, 4 Machi

Mvua. Kikao cha idara. Mwalimu wa Kemia kaniuliza kama naumwa. Nikasema hapana.

Nimepiga pasi gauni la kesho. Upuuzi. Kana kwamba ni usaili.

Alhamisi, 5 Machi

Rehema alikuja saa tano. Anauza vitenge sokoni Mwanjelwa, na inaonekana kwa namna alivyovaa, kila kitu kimepangwa rangi. Amenenepa kidogo. Nilikuwa nimesimama barazani.

"Kamwene, Anje."

Hakuna mtu aliyeniita Anje tangu Iringa. Nikaitikia salamu hiyo ya kwetu, "Kamwene." 

Hatukwenda ofisini. Tulikaa kwenye benchi la wageni, nje, kila mmoja upande wake, kibegi chake katikati.

Alisema alijua niko hapa tangu siku alipomleta Zuhura Kidato cha Kwanza. "Nilikuona unapita na madaftari. Nikasema nisubiri nione kama utanijua. Ukapita."

"Sikukuona."

"Najua."

Nikaanza kuomba msamaha. Nilikuwa nimeuandaa, wenye mwanzo na mwisho. Akainua kiganja. "Hapana. Sijaja kwa hiyo. Hiyo utaipeleka unakojua wewe."

Nikamuuliza kama alijua ni mimi. Akasema Matroni alimwambia palepale, wakati anafunga sanduku: hata kiranja wako ndiye aliyetutajia. Alidhani Rehema angeona haya zaidi.

Kisha akaeleza kwa nini amewaficha watoto. Naandika maneno yake nisiyapoteze.

"Mtoto ukimwambia uliishia la saba, anajua kwetu hatukuwa na uwezo. Anaelewa, anakwenda kucheza. Ukimwambia ulifukuzwa, atauliza kwa nini. Na Hamisi anasikiliza. Mimi sikutaka Hamisi akue anajua kwamba yeye ndiye aliyenitoa shule." Akanitazama kwa mara ya kwanza. "Maana hakunitoa yeye."

 Wanafunzi wa zamu walikuwa wanafagia maji ya mvua barazani, wakatuzunguka.

Nikamwambia Zuhura ameshahesabu miezi.

"Nimesikia. Alinihesabia na mimi, mezani, tunafuturu. Lakini kuhesabu si kuambiwa."

Nikamuuliza anataka nini.

"Ulisema hukumbuki. Mbele ya darasa zima ulisema hukumbuki. Zuhura alirudi nyumbani akaniambia: mama, madam alikuwa anadanganya, alijibu bila kututazama. Basi ukumbuke. Mbele ya darasa hilohilo."

"Yote?"

"Mimba usiitaje. Ile ni yangu. Nitamwambia mwanangu mwenyewe, na Hamisi nitampandia gari mpaka Chunya nikamwambie mwenyewe. Wewe sema la kwako."

Akasimama. Akakung'uta kitenge. Akasema benchi letu lina msumari.

Ijumaa, 6 Machi

Kipindi cha pili, Pili B. Niliingia. Niliandika tarehe. Zuhura amehamia safu ya mwisho, karibu na Kulwa. Nilifundisha Azimio la Arusha dakika arobaini bila kupumzika, kwa kitabu, na nikatoa kazi ya nyumbani.

Sikusema.

Nilipokuwa natoka Zuhura alikuwa ananitazama kama mtu anayetazama saa.

Mwoga. Nilikuwa hivyohivyo nilipokuwa na miaka kumi na saba.

Jumatatu, 9 Machi

Nimesema.

Sikuwa na picha. Nilisimama mbele ya ule ukuta wenye mistatili. Nikawaambia nina swali ambalo sikulijibu tarehe ishirini mwezi uliopita, na aliyeliuliza alikuwa Kulwa. Nikasema jibu: aliachishwa.

Nikasema nilidanganya niliposema sikumbuki.

Nikasema: "Uongozi wa shule ulikuwa unatafuta jina la mwanafunzi. Aliyelijua ni mimi tu, kwa sababu alikuwa rafiki yangu na aliniambia kwa siri. Nilijua akitajwa atafukuzwa siku hiyohiyo. Niliulizwa mara moja. Nikamtaja. Baadaye nikapewa udada mkuu."

Hapo nikaishiwa. Nilikuwa nimepanga maneno mengine kuhusu chanzo cha historia na ushahidi wa aliyekuwepo. Hayakufaa.

  Nilitegemea waulize alikuwa amefanya kosa gani. Hakuna aliyeuliza. Wana miaka kumi na tano, hawahitaji kuuliza, na Zuhura yuko palepale.

Kulwa akanyoosha mkono. "Madam, ungeweza kunyamaza?"

"Ndiyo."

"Wangekufanya nini?"

Nikafikiri kwa kweli. "Hakuna kitu."

Akaandika. Sijui aliandika nini.

Baraka, bila kunyoosha mkono: "Kwa hiyo pale kwenye picha anacheka bado hajui."

"Bado."

"Na wewe bado hujui kwamba utamtaja."

Hilo sikuwa nimelifikiri kamwe. Nikasema ndiyo, na mimi bado.

 Kengele ilipolia Zuhura alipita mbele yangu, akasema "Asante, mwalimu." Siku zote alikuwa akiniita madam.

Nilikwenda chooni nikakaa mpaka kipindi cha nne. Sikulia. Nilitaka tu kukaa mahali penye mlango.

Jumanne, 10 Machi

Mkuu anajua. Shule nzima inajua. Alinisimamisha ofisini kwake, naye akasimama pia, jambo ambalo hafanyi.

"Mwalimu, umejidhalilisha mbele ya watoto. Watakuheshimuje?"

Nikasema sijui. Ni jibu la kweli.

Akazunguka meza. Akasema yeye ana binti, yuko bweni, Njombe.  Nikadhani ataendelea. Akasema niende.

Mlangoni akanisimamisha tena. Picha anaweza kuziruhusu. Lakini ziwe za milima, mazao, majengo. Pasiwe na watu.

Nikasema, "Historia haina watu, Mkuu?"

Akasema, "Mpaka Pasaka, haina."

Hata yeye alikaribia kucheka.

Ijumaa, 13 Machi

Mlima Loleza ubaoni, umefunikwa na wingu. Picha bila watu, kama ilivyoagizwa. Swali la tatu ndilo lililowakamata: nini hakionekani? Waliandika kurasa mbili mbili. Njia. Wakata kuni. Aliyepiga picha. Mmoja kaandika: kilele.

Zuhura alichelewa kutoka. Akauliza kama anaweza kuichukua picha ya Kidato cha Tatu, amwonyeshe mama. Nikamwambia achukue kabisa, iwe yao. Nikaitoa kwenye mkoba. Haikuwa imetoka humo tangu siku ile.

Akaigeuza nyuma kwanza. Akatazama lile jina na ule mstari mwekundu juu yake. Nikamwambia naweza kuufuta kwa wino mweupe.

"Hapana," akasema. "Ndivyo ilivyokuwa."

Akaitia katikati ya atlasi isikunjike.

Nimekasirika kidogo jioni hii. Nilitaka aseme kitu kingine, kitu cha kunipunguzia. Hana wajibu huo. Nimekasirika hata hivyo.

Jumatano, 18 Machi

Jaribio la mwezi. Pili B, swali la mwisho lilikuwa huru: eleza tukio moja la kihistoria na chanzo chako. Nimesahihisha nusu.

Hakuna majibu mawili yanayofanana. Mengine mabaya sana. Baraka kaandika kuhusu bibi yake kubadilisha kabila kwenye fomu ili apate shamba, na chanzo chake ni "bibi akiwa na hasira". Kulwa kaandika mwaka ambao ng'ombe wa baba yake walipungua kutoka zizi zima mpaka saba, na amechora zizi.

Zuhura ameandika sentensi sita tu. Nazinakili. "Mama yangu alisoma sekondari Iringa. Alipenda Hisabati. Hakufeli. Alitajwa na rafiki yake. Juzi aliniambia mengine yote, akiwa anakunja vitenge, na hakulia. Chanzo changu ni mama."

Masahihisho yanatakiwa yaandikwe kwa wino mwekundu. Nilitafuta kalamu ya buluu. Nimempa alama anazostahili: nane kwa kumi. Sentensi sita ni chache.

Jumatatu, 23 Machi

Sikukuu imepita. Zuhura amekuja na hina mikononi, imekatazwa na sheria za shule. Mwalimu wa zamu kamtazama, kamwacha.

Amesema darasani, bila kuulizwa, kwamba mama yake alikwenda Chunya Jumamosi. Alisema kama anayetoa taarifa ya hali ya hewa. Sikuuliza imekuwaje. Siyo swali langu.

Jumamosi, 28 Machi

Mkutano wa wazazi. Walimu wa madarasa tulipanga meza uwanjani, jua limetoka, kila mzazi anajaza upya fomu ya taarifa za mwanafunzi kwa sababu za zamani zililowa ofisi ilipovuja. Foleni ndefu. Kalamu mbili tu kwa meza yangu.

Rehema alikuwa kama wa kumi na tano. Tulisalimiana. Aliuliza ajaze kwa herufi kubwa au za kawaida. Nikasema zozote. Akainama kwenye kona ya meza, akajaza taratibu, mwandiko wake bado unalalia kulia. Akanirudishia kalamu. Akaniuliza choo cha wageni kiko wapi, nikamwonyesha. Akaenda.

Nilitakiwa kulinganisha fomu mpya na ile ya zamani, kama namba za simu zimebadilika. Ya zamani ya Zuhura ilikuwa imejikunja kwa maji lakini inasomeka. Jina la mzazi. Makazi, Ilomba. Kazi, biashara. Elimu ya mzazi: Darasa la Saba.

Mpya, mstari uleule: Kidato cha Tatu.

Namba ya simu haijabadilika. Nikaweka tiki. Nikapiga mhuri, nikaita anayefuata.